Kupiga Picha ya Ua kwa Karibu, kwa Mwanga wa Jua Tu

Watu wengi hudhani ya kuwa picha nzuri ya ua ni kazi ya mwenye kamera ya fedha nyingi, na ya kuwa ua lenyewe sharti liwe la bustani kubwa. Dhana zote mbili si sahihi. Ua la bamia lililochanua uani Mbagala, au ua la boga litambaalo juu ya ugo wa nyumba Mwananyamala, laweza kutoa picha ya kumshangaza hata aliyelipanda, na simu ya kawaida ya mzazi yatosha kuipiga. Kinachotakiwa ni kuelewa mambo matatu, yaani mwanga, umbali na utulivu. Asiyeyaelewa hata akipewa kamera bora ataleta picha yenye ukungu.

Tena kazi hii si mchezo mtupu. Katika mwaka 1957 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 129,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa mkoa una watu zaidi ya 5,380,000. Watu wote hawa yawapasa kupata mahali pa kulala, na nyumba hujengwa palipokuwa na mashamba, vichaka na mabonde. Hatuwezi kulaumu nyumba, maana sisi wenyewe twakaa humo. Lakini kila kiwanja kinapofyekwa huko Goba, Bunju, Chamazi au Kigamboni, kuna mimea inayoondoka pasipo mtu kuiandika. Picha iliyopigwa vizuri, yenye tarehe na mahali, ni ushahidi ya kuwa ua fulani lilikuwapo hapa. Hiyo ndiyo sababu yatupasa kujifunza kuipiga vizuri.

Mwanga

Jambo la kwanza ni mwanga. Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa li mbali nasi yapata kilomita milioni 150, machoni petu huonekana dogo, sawa na sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 ikitazamwa kutoka mita 2.7. Taa ndogo hutoa vivuli vikali vyenye kingo zilizokatika, na taa kubwa hutoa vivuli laini. Kwa ajili hii jua kali la mchana huliharibu ua pichani: upande mmoja huwa mweupe kupita kiasi, na upande wa pili huwa mweusi, na mishipa ya petali haionekani.

Wingu jembamba likipita mbele ya jua, mambo hubadilika. Sasa mwanga hautoki tena katika nukta moja, bali watoka katika anga pana. Wingu limekuwa taa kubwa, na vivuli vimelainika. Ndiyo maana siku ya mawingu, ambayo wengi huiona mbaya kwa picha, ndiyo siku njema ya mpiga picha za maua. Miezi ya masika, tangu Machi hadi Mei, na ile ya vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, hutupa siku nyingi za namna hiyo, tena ndipo vichaka vinapochanua.

Kama wingu hakuna, twaweza kulitengeneza. Mwenzako na ashike kitambaa cheupe chepesi, kama kipande cha shuka au cha kanzu kuukuu, kati ya jua na ua. Mwanga utapenya, lakini utakuwa laini. Kitambaa kiwe cheupe hasa. Ukitumia kanga nyekundu, ua la asmini litatoka jekundu, maana mwanga huchukua rangi ya kitu unachopitia au kinachourudisha. Kwa sababu iyo hiyo ua jeupe lililo chini ya mwembe hutoka na rangi ya kijani, na lile lililo karibu na ukuta uliopakwa rangi ya bluu huibia ubluu wake. Kabla ya kupiga, tazama kwanza ni kitu gani kilicho jirani na ua lako.

Upande ulio na giza nao waweza kusaidiwa. Karatasi nyeupe ya daftari ikisimamishwa upande ule, hurudisha mwanga na kuufanya uonekane. Jaribu kuisogeza karibu na kuiondoa huku ukilitazama ua, nawe utaona tofauti mara moja.

Kuna njia nyingine ya kutumia jua, nayo ni kuliacha liwe nyuma ya ua. Petali ni nyembamba kama karatasi. Mwanga ukipita ndani yake kutoka nyuma, mishipa yake huonekana yote, kama vile mistari ya jani kavu ukiliinua mbele ya dirisha. Ua la boga na ua la bamia yapendeza sana kwa njia hii. Lakini angalia jua lisiipige lenzi yenyewe. Ikinge kwa kiganja chako.

Saa ya kufanya kazi

Mji wetu uko karibu na digrii 7 kusini ya ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi, na tofauti kati ya mwezi na mwezi haipiti dakika 40 hivi. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu kabisa, hata mti uliosimama wima hauna kivuli cha kando. Wakati huo wa mchana usijisumbue kupiga picha ya ua lililo wazi.

Saa iliyo bora ni tangu saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Kwanza, jua bado li chini na mwanga wake ni mpole. Pili, upepo wa baharini haujapata nguvu. Tatu, maua mengi yako katika ubora wake saa hizo. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana kwisha. Ua la bamia huishi siku moja tu: asubuhi limefunguka, lina rangi ya manjano na moyo mwekundu wa giza, na jioni limenyauka. Yungiyungi la buluu katika madimbwi hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri. Anayelala mpaka saa 4 hukuta maua ya jana.

Mbuyu una desturi yake. Ua lake jeupe, linaloning'inia, hufunguka magharibi, na popo ndio wageni wake wa usiku. Asubuhi maua mengi huwa yameanguka chini. Basi mwenye kuishi karibu na mbuyu, kama ilivyo sehemu nyingi za Msasani na Oysterbay, haina haja apande juu. Aamke mapema, aokote ua lililoanguka likiwa bado halijageuka rangi, aliweke kivulini na kulipiga picha.

Umbali

Jambo la pili ni umbali. Hapa na tufanye jaribio dogo. Shika ukurasa huu mbele ya jicho lako, kisha uusogeze polepole karibu na uso. Patafika mahali ambapo herufi zitaanza kufanya ukungu, na hata ukikaza macho hutazisoma. Lenzi ya kamera nayo ina mpaka wake. Simu nyingi za kawaida haziwezi kuona wazi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 8 au 10. Mtu asiyejua jambo hili huisogeza simu mpaka inakaribia kuligusa ua, kisha hulalamika ya kuwa simu ni mbovu.

Dawa ya kwanza ni kurudi nyuma kidogo, upana wa kiganja hivi, kupiga picha iliyo wazi, kisha kuikata pembeni baadaye ili ua lijaze nafasi. Dawa ya pili yapatikana katika maabara ya biolojia, nayo ni lenzi ya mkono. Lenzi iliyoandikwa mara 10 ina urefu wa fokasi wa milimita 25, maana twagawa 250 kwa 10. Ukiishika mbele ya lenzi ya simu bila nafasi kati yake, utaweza kulikaribia ua hadi sentimita 2.5 hivi. Hapo utaona chavua, punje moja moja, juu ya stameni za ua la bamia. Lakini lenzi ya shule iombwe kwa mwalimu na kurudishwa salama.

Kuna sheria moja ambayo hapana budi kuikumbuka: kadiri unavyokaribia, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyozidi kuwa nyembamba. Ukipiga picha ya nyumba, mlango na mti ulio nyuma yake huonekana sawasawa. Ukipiga ua kwa karibu sana, sehemu iliyo wazi hupungua hata ikawa milimita chache tu. Ncha ya stameni itaonekana, na petali iliyo nyuma itapotea katika ukungu. Kwa hiyo yakupasa kuamua mapema ni nini unachotaka kionekane, kisha gusa mahali hapo katika kioo cha simu ili ilenge hapo. Na kama wataka petali zote ziwe wazi, iweke simu ilingane na uso wa ua, kama vile kitabu na meza, isiwe ya kuinama.

Katika simu nyingi, ukigusa kioo huja alama ya jua. Ishushe kidogo kwa maua meupe, ya manjano na mekundu. Rangi kali hujaza kamera upesi, na ua la mkrismasi, lichanualo miezi ya mwisho wa mwaka, hutoka kama kibao kilichopakwa rangi, bila mikunjo wala mishipa. Afadhali picha yenye giza kidogo, maana yaweza kuongezewa mwanga baadaye. Iliyopotea kwa weupe hairudi.

Utulivu

Jambo la tatu ni utulivu, wa mkono na wa ua. Kwa karibu, kila mtikisiko hukuzwa pamoja na ua. Mkono ukitikisika milimita moja, huonekana kama umeruka. Basi piga goti, egemeza viwiko juu ya paja au juu ya ndoo iliyofudikizwa, toa pumzi polepole, ndipo ubonyeze. Simu nyingi zina saa ya kuchelewesha. Iweke sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise.

Upepo nao yataka uusubiri. Haupigi bila kupumzika; hupiga, hunyamaza, kisha hupiga tena. Ngoja unyamaze, upige picha tano au kumi mfululizo, kisha uchague iliyo bora. Waweza pia kusimama upande wa upepo ili mwili wako uwe ukuta, au kuchomeka kijiti ardhini na kuliegemeza shina kwa kibanio cha nguo. Usibane ua lenyewe, wala usilichume. Ua la kike la boga lina kiduara kidogo chini yake, nalo ndilo boga la mwezi ujao. Mwenye kulichuma kwa ajili ya picha amechuma chakula cha mtu.

Mwisho wa jambo hili ni nyuma ya ua. Jicho letu lasahau kamba ya nguo, ndoo na mabati, lakini kamera haisahau. Sogea hatua moja kulia au kushoto mpaka nyuma pawe na kivuli au majani ya mbali. Ikishindikana, simamisha nyuma ya ua jalada la daftari lisilo na picha.

Katika jambo hili tunaye mwalimu wa kale. Karl Blossfeldt, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufa mwaka 1932, alikuwa mwalimu wa sanaa huko Berlin. Hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alitaka wanafunzi wake waone maumbo ya mimea, kwa hiyo alijitengenezea kamera, akaweka mimea mbele ya karatasi nyeupe au ya kijivu, akatumia mwanga wa mchana. Mingi ya mimea hiyo haikuwa ya bustani, bali ya kando ya njia. Alifanya hivyo kwa miaka mingi darasani, hata mwaka 1928 picha zake zilipotolewa katika kitabu zikasifiwa katika nchi nyingi. Vyombo vyake vilikuwa duni kuliko simu nyingi zilizomo mifukoni mwa wazazi wetu leo. Alichokuwa nacho ni saburi.

Karibu huonyesha kweli

Faida kubwa ya picha ya karibu ni kuwa hutusahihisha. Chukua mfano wa bogenvilia, iliyojaa katika nyua za Kinondoni na Chang'ombe. Sote twasema ina maua ya zambarau, mekundu au ya manjano. Mkaribie kwa lenzi, nawe utaona ya kuwa vile vyenye rangi ni majani yaliyogeuka, na maua yenyewe ni vijineli vidogo vyeupe vilivyomo katikati, kwa kawaida vitatu. Tazama pia ua la bamia, la pamba na la choya. Picha tatu zikiwekwa pamoja zaonyesha petali tano na stameni zilizoungana kama nguzo moja katikati. Mwanafunzi hatahitaji kukariri ya kuwa mimea hii ni ya ukoo mmoja, maana atakuwa ameona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa vitu vidogo hata mwenye macho huhitaji kusaidiwa.

Kuandika habari za picha

Picha isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi. Kwa kila ua andika mistari mitano: tarehe na saa, mahali, yaani mtaa na alama iliyo karibu, urefu wa mmea na upana wa ua, kiumbe aliyeonekana juu yake, kama nyuki au sisimizi, na jina lake. Piga picha zaidi ya moja: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani juu na chini, na mmea mzima. Katika picha mojawapo weka rula kando, ili atakayeitazama ajue ukubwa.

Jina usilibuni. Waulize wazee. Hapa ni nchi ya Wazaramo, na mzee wa Kizaramo huenda akakupa jina, na matumizi, na mahali ambapo ua lile lilikuwa likiota zamani. Andika kama alivyolitamka. Wataalamu wenyewe hawakumaliza kazi hii kwa siku moja. Vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki vilianza kutolewa mwaka 1952, na vya mwisho vilitoka mwaka 2012, yaani miaka 60, navyo vimeeleza aina zaidi ya 12,000 za mimea. Vitabu hivyo vyaeleza mmea na sehemu unakoota. Havielezi kama bado uko nyuma ya nyumba yenu mwaka huu. Hilo ni la kwetu kueleza.

Adabu na usalama

Wazazi huenda wakauliza kama kazi hii itawatoa watoto katika masomo. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, ni kazi ya Jumamosi na ya likizo, kwa simu ya mzazi na kwa idhini yake. Nusu saa ya asubuhi yatosha. Mwanafunzi asiingie ua wa mtu pasipo kupiga hodi. Aamkie, aeleze anachotaka, na akikataliwa ashukuru na kuondoka. Asishuke peke yake katika bonde la Msimbazi au kando ya mto Kizinga, hasa wakati wa mvua, na asitie mkono kichakani mahali asipoona. Nyuki akiwa juu ya ua, mwache amalize kazi yake. Naye ana haki ya kuwapo pichani.

Basi, ndugu wanafunzi, likizo hii kila mmoja na ahesabu hatua mia kutoka mlangoni kwao, aende upande wowote, apige picha za maua matano tu, na kila ua liwe na mistari yake mitano. Yasichaguliwe mazuri peke yake. Hata mchunga wa njiani una ua la manjano lenye kustahili kutazamwa. Muhula utakapofunguliwa, zitolewe katika karatasi na kukabidhiwa kwa mwalimu wa biolojia, zihifadhiwe katika jalada moja kwa mitaa. Wanafunzi 40 wakileta matano matano, shule itakuwa na picha 200 za mimea ya Kinondoni na Temeke katika mwaka mmoja. Atakayekuja shuleni hapa baada ya miaka ishirini atalifungua jalada hilo, aende mtaa ulioandikwa, na kutazama ni maua gani yangaliko.